Pesa Inavuka, Ujumbe Hauvuki

Makamanda, kuna kauli naisikia kila kikao kikivunjika, kuanzia Ngarenaro mpaka King'ori: "Mengine tutawatumia kwenye grupu." Watu wanaitikia, wanakung'uta suruali, wanaondoka. Hakuna anayeuliza ni grupu la programu gani, msimamizi wake ni nani, na ambaye hayumo atajuaje.

Leo nauliza mimi. Na najua wapo viongozi wetu watakaokasirika, maana sehemu kubwa ya lawama hapa ni yetu wenyewe.

Nianze na pesa, kwa sababu pesa haina asiyeielewa. Wenye umri wa kukumbuka wanajua ilivyokuwa kabla ya 2014. Wewe uko mjini una Tigo Pesa, mama yako yuko Nkoaranga ana M-Pesa. Unamtumia, lakini pesa haiingii kwenye simu yake. Anapokea ujumbe wenye namba ya siri, anashuka nao kwa wakala kwenda kutoa zote. Ndiyo maana watu walikuwa wanatembea na laini tatu na kitochi cha ziada mfukoni. Halafu 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaunganisha huduma zao, na 2016 Vodacom nao wakaingia. Tanzania ikawa inatajwa nje kama mfano Afrika nzima. Hakuna kampuni iliyokufa kwa sababu hiyo. Leo Tigo wenyewe wamebadili jina wanaitwa Yas, na pesa bado inavuka kama kawaida.

Machi 2017 ikaja nyingine: TCRA wakaanzisha utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba. Maana yake ni kwamba namba ni yako, siyo ya kampuni. Na SMS je? Unaituma kutoka Airtel kwenda Halotel, inafika, hata hufikirii.

Sasa njoo kwenye kuchati. Mimi nina WhatsApp, wewe una Telegram, yule kamanda wa Sakina ameogopa kufuatiliwa amehamia Signal. Tuna simu zinazofanana, intaneti ni ile ile, bando ni lile lile, lakini hatuwezi kusemezana mpaka mmoja wetu akubali kuingia nyumbani kwa mwenzake na kufuata masharti ya huko. Tumezoea mpaka tunaona ni maumbile ya dunia, kama vile mvua ya masika.

Siyo maumbile. Ni uamuzi wa kibiashara. Kaka zetu waliokuwa wanalipia dakika kwenye intaneti kafe za mjini wanakumbuka Yahoo Messenger na MSN. Hizo mbili zilikuwa mahasimu, lakini mwaka 2006 zilifunguliana mlango, mtu wa huku akachati na wa kule. Baadaye tukiwa na Nokia zetu tulikuwa na Nimbuzz na eBuddy, programu moja inayokuingiza kwenye akaunti zako zote. Google Talk nayo ilitumia XMPP, lugha ya wazi ya kutumiana ujumbe, kiasi kwamba mtu wa seva nyingine kabisa aliweza kuzungumza na wa Google. Mwaka 2013 Google wakaanza kuipa kisogo. WhatsApp yenyewe, makamanda, ilijengwa juu ya lugha hiyo hiyo ya XMPP, wakaibadilisha na kufunga mlango. 2014 Facebook wakainunua kwa dola bilioni 19. Hawakununua zile tiki mbili za bluu. Walinunua watu ambao hawawezi kuondoka, kwa sababu ukiondoka unawaacha mama, mjomba, VICOBA na kamati ya harusi.

Mtaniambia, "Wewe naye, nchi ina mambo mazito namna hii unatuletea habari za programu za kuchati?" Ndiyo. Turudi Oktoba 2020. Siku moja kabla ya kura, tarehe 27, WhatsApp, Twitter na Instagram zikabanwa nchi nzima. Hawakuzima intaneti yote. Hawakuwa na haja. Walijua tumejipanga wote kwenye chumba kimoja, wakafunga mlango wa chumba hicho. Tukatawanyika. Huyu akapata VPN, yule akahamia Telegram, mwingine akaenda Signal, na kila aliyepona alipona peke yake, kwa sababu aliyekuwa Signal hakuweza kumfikia wa Telegram. Wakala aliyekuwa na picha ya fomu ya matokeo kwenye simu yake alikuwa sawa na mtu aliyeshika barua huku posta imefungwa. Kama programu zile zingekuwa zinasemezana, kubana moja kungekuwa usumbufu. Kwa sababu hazisemezani, kubana mbili tatu kulitosha kutuvunja.

Wakajifunza. Oktoba 2023 TCRA wakatoa tangazo la kutaka watu wasajili VPN. Mei 2025 X ikafungwa. Septemba JamiiForums ikafungiwa. Na tarehe 29 Oktoba 2025 wakazima intaneti yenyewe, kwa siku kadhaa. Sitasimulia hapa siku zile zilikuwaje Arusha, kila mtu ana yake. Nitasema hili tu: kuna mama jirani yangu, mwanae alikuwa mjini, na yule kijana alikuwa anapatikana WhatsApp tu. Laini aliyokuwa anapigia ilikuwa ilishabadilika, mama hana namba mpya, ana ile picha yake ya duara kwenye skrini. Siku nzima anaibonyeza. Alirudi salama, lakini zile siku mama yule alizeeka.

Intaneti iliporudi, wengi wetu tukapokea onyo la kutusihi tusisambaze picha na video za kuleta taharuki. Unajua lilikuja kwa njia gani? SMS. Halikuja kwa WhatsApp. Wao wanajua ni ujumbe gani unaofika kwa kila mwenye simu bila kujali ana laini ya nani wala simu ya aina gani. Sisi tunaojiita nguvu ya umma ndiyo hatujui.

Najua pingamizi la kwanza: intaneti yote ikizimwa, kusemezana kwa programu kutasaidia nini? Hakutasaidia, na simdanganyi mtu. Kuzima kabisa kuna dawa yake nyingine, nitaifikia. Lakini kuzima kabisa kunaumiza hata wao. Hoteli, watalii, benki, ofisi za umma, wote wanaguswa, na mji huu unaishi kwa watalii. Kubana programu mbili ni rahisi, na ndiko kunakofanyika kimya kimya katikati ya mwaka pasipo uchaguzi. Hapo ndipo kusemezana kunapofanya kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wenzetu wanaojua mambo haya: ukifungua milango, unafungua na usalama. Signal wenyewe wamekataa kuungana na WhatsApp kwa hoja hiyo, kwamba ujumbe uliofungwa kwa siri kutoka mwanzo hadi mwisho ukipita kwa mtu mwingine, huna hakika yeye anatunza nini. Ni hoja ya kweli. Lakini tuwe wakweli na sisi: usalama tulionao sasa ni upi? Kuingia kwenye grupu la kata unaanika namba yako kwa kila aliyemo. Namba hiyo tangu Januari 2020 imefungwa kwenye alama ya kidole chako na kitambulisho cha NIDA. Akiingia mtu mmoja asiye wetu, na huwa anaingia, ana orodha nzima ya wanachama kwa dakika moja. Hahitaji kuvunja siri ya ujumbe wowote. Hapa hapa Arusha, Juni 2016, kijana mmoja alihukumiwa faini ya shilingi milioni 7 au miaka mitatu jela kwa maneno aliyoandika Facebook kuhusu Rais. Hakuna aliyemdukua. Kwa hiyo anayetaka faragha naye anahitaji mlango: awe na uhuru wa kukaa kwenye programu inayoficha namba, kama Signal ilivyoanza kuruhusu 2024, na bado apate taarifa za tawi lake. Leo inabidi achague, faragha au chama. Wengi wanachagua chama, wachache wanachagua faragha na tunawapoteza.

Huko Ulaya wameshaamua. Sheria yao ya masoko ya kidijitali ilianza kuwabana wakubwa Machi 2024: WhatsApp na Messenger lazima zikubali kusemezana na programu nyingine zitakazoomba, tena siri ya ujumbe ikilindwa. Wakubwa walilalamika sana, halafu Novemba 2025 Meta wakatangaza kwamba watumiaji wa Ulaya wataanza kuchati na watu wa programu nyingine mbili ndogo. Ni mbili tu, na mwendo ni wa kobe. Lakini kwa Mzungu inawezekana, kwako wewe wa Usa River haiwezekani, na simu ni hiyo hiyo. Tofauti ni nani amedai.

Na TCRA wetu wako wapi? Kwenye kufungia wana mbio za swala. Kwenye kudai haki ya mtumiaji mbele ya kampuni ya Kimarekani, sijawasikia. Leo shule inatuma matokeo ya mtoto kwenye grupu la WhatsApp. Mwenyekiti wa kitongoji anaitisha mkutano wa maji kwenye WhatsApp. Bibi wa Songoro mwenye kitochi ni raia kamili, analipa kodi kwenye kila vocha, lakini habari za kijiji chake zinapitia kwenye nyumba ya kampuni ambayo hajawahi kuisikia.

Hili nataka liingie kwenye sera ya chama, na nitalipeleka kwenye kikao cha wilaya hata kama watacheka. Huduma yoyote ya ujumbe yenye watumiaji wengi nchini ilazimike kufungua mlango kwa nyingine, kama pesa ilivyovuka. Na taarifa yoyote ya umma, iwe ya shule, ya maji au ya kijiji, isitolewe kwa programu moja tu. Ila kwa tahadhari hii: sheria iseme wazi kwamba mlango ni wa watumiaji, siyo wa polisi. Mimi siwezi kudai ufunguo halafu nimkabidhi yule yule aliyefunga.

Wazee wetu wa Meru walilijua jambo hili bila simu. Walipoondolewa Ngarenanyuki mwaka 1951 hawakupeleka malalamiko yao kwenye dirisha moja tu, dirisha la mkoloni aliyewahamisha. Walichangishana, na 1952 Kirilo Japhet akafika New York, Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa siku ile, lakini dunia ilisikia, na aliyetaka kuwanyamazisha alikuwa hana pa kubana.

Sisi je, tuna nini? Tuna grupu. Msimamizi wake akikamatwa na simu yake, au akinunuliwa, au simu ikitumbukia tu kwenye mto Themi, kata nzima inakuwa haina mawasiliano. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Tulikaa wiki mbili tunatafutana kama kuku waliokimbia mwewe, kwa sababu namba zetu zote zilikuwa ndani ya grupu na hakuna aliyekuwa nazo nje.

Kwa hiyo kabla ya sheria, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Katibu wa tawi, chukua daftari. Siyo simu, daftari la karatasi. Andika kila mwanachama, namba yake ya kawaida ya kupigia, mtandao wake, na kama ana simu janja au kitochi. Daftari hilo usiliache ofisini na usilipige picha. Gawa watu wako kumi kumi, kila kumi wawe na mmoja wa kuwapigia na kuwatumia SMS, na huyo mmoja awe na msaidizi anayekaa mtaa mwingine. Grupu la WhatsApp lisivunjwe, nani atawahamisha watu wote hao? Lakini liwe na wasimamizi watatu, na taarifa inayotoka hapo itoke pia kwa SMS siku hiyo hiyo. Wanaohofia namba zao wafunguliwe chumba Signal, na mtu mmoja apewe kazi ya kuhamisha ujumbe kati ya huku na kule kwa mkono, mpaka siku programu zitakapokubali kufanya kazi hiyo zenyewe. Ni kazi ya kuchosha, najua, na nyie wa Poli mmeshaniambia hivyo.

Halafu tulijaribu. Jumamosi moja, bila kutangaza, katibu wa kata aseme leo WhatsApp haipo. Tuone ujumbe mmoja wa maneno kumi, kutoka Kikwe hadi Leguruki, unachukua saa ngapi kumfikia mtu wa mwisho, na ni nani hakufikiwa. Mkishafanya, nipeni majibu. Kwa SMS.