MAUMIVU YA MWEZI SI UVIVU

Ndugu wanachama,

Hapa Kisumu, karakanani, stesheni na ofisini, twasikia maneno yasiyofaa. Dada akikosa kazi kila mwezi kwa maumivu ya hedhi, huitwa mvivu. Mke akipewa vidonge hospitali, jirani humwambia mumewe: “Huyu hataki kukuzalia.” Wasemaji wa maneno hayo wengi ni sisi wanaume, basi na tujisahihishe.

Uko ugonjwa uitwao endometriosisi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya tumbo la uzazi huota nje yake, na siku za hedhi huvimba na kutoa damu isiyo na mahali pa kutokea. Hapo ndipo huja maumivu makali chini ya kitovu na nyongani. Shirika la Afya Duniani lasema huupata mwanamke kama 1 katika 10 walio katika umri wa kuzaa. Mtangazaji wa redio Njambi Koikai aliugua tangu usichana, akapasuliwa mara nyingi, hata Marekani alikwenda kutibiwa. Alifariki Juni 2024.

Dawa za homoni anazopewa mgonjwa nyingi ni zile zile za kupanga uzazi: vidonge, sindano, kijiti cha mkononi, au koili yenye homoni. Hapa kazi yake ni kupunguza hedhi au kuizuia, ili nyama ile itulie na maumivu yapungue. Haziondoi ugonjwa wenyewe. Zikiachwa, maumivu huweza kurudi. Anayetaka mtoto amwambie daktari, maana akizitumia ni vigumu kushika mimba. Pia hazimfai kila mtu, kama mwenye shinikizo la damu, basi zisinunuliwe ovyo dukani.

Twasema mambo mawili. Kwanza, mume aende hospitali pamoja na mkewe, amsikie daktari kwa masikio yake. Pili, tujue haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, humpa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo si chini ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Lakini miezi ni 12! Zambia, kwa sheria ya 2019, mwanamke hupata siku 1 kila mwezi bila cheti. Na sisi tuidai katika mapatano yajayo na waajiri.

Injini ikiharibika hatuitukani, twaipeleka karakana. Je, dada zetu hawastahili zaidi ya injini?

Umoja ni nguvu.