Mgeni Njoo, na Mzee Wetu Apone

BARAZANI
Na Mwanasiti Athumani

Kila asubuhi msimu huu wa kaskazi, pale Shanzu, Mombasa, mzee mmoja wa Kijerumani huja kwa mama muuza mahamri jirani yangu. Amestaafu, miaka sabini ameshaivuka, na huu ni mwaka wake wa tisa kuja kwetu. Huagiza mahamri mawili na mbaazi, akaketi kwenye benchi. Watoto waendao skuli humwamkia, "Shikamoo, babu." Naye huitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Nilimuuliza mbona harudi kwao mpaka Machi. Akanambia kwamba kwao mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, njia hujaa barafu, na siku tatu zaweza kupita asiongee na mtu.

Neno hilo lilinikaa moyoni. Jua letu hatukulitengeneza sisi, lakini ile shikamoo ni yetu. Wazee hawa wa Ujerumani, Uswisi na Uingereza, walioko Bamburi na Shanzu, wangeweza kupata joto kwingi duniani. Hapa wanapata na mtu wa kuwaita babu na bibi.

Bahari yetu inawajua wageni wa namna hii tangu kale. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi ya Shihiri, Sur na Maskati, yamebeba tende na samaki wa chumvi. Mabaharia walikaa hapa hadi kusi ilipogeuka kuwarudisha kwao na shehena za boriti. Wengine walioa, wakawa wenyeji. Leo wageni wa kaskazi hushuka kwa ndege Port Reitz, kule Changamwe, lakini kalenda yao ni ile ile ya majahazi.

Nawapokea kwa moyo mmoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayekaa miezi mitatu hanunui kwa hoteli peke yake. Ana dobi wake, fundi wake, dereva wake wa tuktuk, muuza samaki wake. Tumeona yanayotokea asipokuja. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, hoteli zilikaa tupu na watu wakapoteza kazi. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa, mamia wakarudishwa kwao kwa ndege, na nyumba nyingi za Kisauni zikazima jiko.

Ila kupona kwa mwenyeji kusiishie kwa kijana mwenye nguvu za kufanya kazi. Nina mzee wangu Likoni, ami yangu, aliyebeba magunia bandarini kama kibarua hadi mgongo ukakataa. Hakuwa na pensheni. Tegemeo lake ni shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali, zitolewazo kwa waliofikia miaka 70. Zigawe kwa siku thelathini, hazifiki shilingi 70. Akiugua, huteremka kivukoni katikati ya umati, mkono mmoja kwenye bakora, mwingine umemshika mjukuu. Bahari aliyozaliwa nayo anaiona akiwa juu ya feri tu.

Sheria yetu imemfikiria mstaafu wa kigeni: kuna kibali cha daraja la K kwa mwenye kipato cha uhakika kutoka nje. Ni sawa. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 57, imemfikiria ami yangu pia. Inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Heshima tunampa barazani. Matunzo bado.

Basi naiomba kaunti mambo matatu. Vichochoro vya umma vya kwenda ufukoni, vilivyozibwa kwa kuta, vifunguliwe. Ufuo wa Jomo Kenyatta uwekewe viti na vivuli ambavyo mzee atakalia bila kuulizwa ananunua nini. Na kwa kuwa afya imo mikononi mwa kaunti, kila zahanati ya Likoni, Kisauni na Changamwe itenge siku ya wazee, wapimwe sukari na presha pasipo kupanga foleni ya alfajiri. Serikali kuu nayo iongeze zile elfu mbili.

Hayo yote yatamfaa na mgeni. Naye huzeeka, naye hutafuta kivuli na daktari wa karibu.

Kusi itakapoanza, Mjerumani wetu atafunga mizigo, watoto watampungia mkono, na benchi la mahamri litabaki wazi. Ami yangu hana kusi ya kumpeleka popote. Miezi kumi na miwili yake yote ni ya hapa. Natamani kumleta Shanzu asubuhi moja, akae kwenye benchi lile, mahamri na mbaazi mbele yake, na bahari aifikie kwa miguu yake mwenyewe.