Ganzi ya paja haitibiwi kwa moto

Mtu wa Garissa akisema upande wa nje wa paja unawaka kama umepakwa pilipili, na akijikuna pale pale hahisi vizuri, washauri hawamkosi. Wapo soko la Suuq Mugdi, wapo soko la mifugo, wapo hata kwenye duka la dawa. Wengi wanakosea, na kosa moja kati ya makosa yao huacha makovu.

"Ni baridi imeingia mfupani." Baridi gani, Garissa hii, mwezi wa Machi? Kuna neva inayotoka kwenye uti wa mgongo, ikapita kinenani karibu na ncha ya mfupa wa nyonga, kisha ikaishia kwenye ngozi ya nje ya paja. Ikibanwa pale kinenani, ngozi inakufa ganzi, inachoma au inawashwa. Daktari Mrusi Vladimir Roth aliuita ugonjwa huu meralgia parestetika mwaka 1895, baada ya kuuona kwa askari wa farasi waliokaza mikanda. Kwetu kuna polisi wenye mikanda mizito, macawiis (kikoi cha wanaume) inayofungwa kwa nguvu kiunoni, gorgorad (sketi ya ndani) yenye kamba inayobana. Ongeza tumbo kubwa, ujauzito na kisukari. Mara nyingi kulegeza nguo na kupunguza uzito kunatosha, ingawa nafuu huchukua wiki au miezi. Mjamzito kwa kawaida hupata nafuu baada ya kujifungua.

"Ni mwanzo wa kupooza." Neva hii hubeba hisia tu, haiendeshi msuli wowote. Kwa hiyo mguu hauishiwi nguvu, na ganzi haishuki chini ya goti. Mguu ukilegea, au maumivu yakitoka mgongoni yakapita nyuma ya paja hadi unyayoni, hiyo ni habari nyingine.

"Mchome, ugonjwa na moto havikai pamoja." Usemi huu wa Kisomali una heshima yake, na wazee wanaochoma kwa chuma au kijiti cha moto hawana nia mbaya. Lakini hapa moto unapelekwa kwenye ngozi ambayo haisikii. Mgonjwa wa tumbo akichomwa huruka, na mchomaji hujua pa kuishia. Mwenye ganzi hutulia, chuma kikazama. Akiwa na kisukari ambacho hajakijua, na ganzi yenyewe huenda ndiyo dalili, kidonda kinakaa miezi na kuoza. Neva iliyobanwa kinenani haijaguswa hata kidogo. Hata chupa ya maji ya moto isiwekwe hapo. Hijama (kuumika) nayo haifiki kinenani neva ilipobanwa, na wembe usio safi una hatari zake.

"Kunywa maziwa ya ngamia." Kunywa, ni chakula kizuri. Ila hayachukui nafasi ya dawa ya kisukari, na hayafuti vijiko vinne vya sukari kwenye shaah (chai).

"Piga sindano ya diklofenaki." Maumivu ya neva hayazisikii sana dawa za kawaida za kutuliza. Kwa joto letu, mtu aliyekaukiwa maji akitumia dawa za aina ya diklofenaki kila siku huweza kuziumiza figo. Zipo dawa za neva, kama amitriptilini na gabapentini, lakini huandikwa na tabibu baada ya kumpima mgonjwa.

"Bila picha ya Nairobi hutajua." Safari ya zaidi ya kilomita 350 inaweza kusubiri. Daktari au ofisa wa kliniki anayejua kazi yake huutambua ugonjwa huu kwa kuuliza, kuigusa ngozi na kupima nguvu za mguu, kisha anapima sukari. Asiyepaswa kusubiri ni mwenye ganzi miguu yote miwili au sehemu za siri, aliyeshindwa kuzuia mkojo, au mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa na kukonda. Huyo afikishwe hospitali ya rufaa ya kaunti siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.