Seva ya Bure Haina Mwenyewe? Nani Kasema?

Katika vikao vya manunuzi vya ofisi zetu kuna hoja inayomaliza mjadala kabla haujaanza: programu ya bure haina mwenyewe, ikigoma utampigia nani? Mkuu wa idara anaitikia, mhasibu anasaini, leseni ya mamilioni inanunuliwa.

Ni hoja ya kivivu. Leseni inakupa haki ya kutumia programu. Fundi wa kupokea simu yako usiku wa manane kwa kawaida ana mkataba wake na bei yake. Wengi huyajua haya siku tovuti imelala.

Halafu itazame Apache, programu ya bure ya seva za tovuti. Mwaka 1994 Rob McCool, aliyeandika programu ya seva ya NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliondoka, na kazi ikadorora. Waliokuwa wakiitumia hawakuwa na wa kumpigia. Wakatumiana viraka kwa barua pepe, na Aprili 1995 wakatoa Apache. Kusema programu iliyozaliwa hivyo haina msaada ni kama kusema harambee haina wachangiaji.

Kinachokosekana ni swali. "Tovuti haifunguki, naombeni msaada" ni kilio tu. Anayejua atakuuliza: toleo gani? Jana uligusa nini? Logi, yaani kumbukumbu za seva, inasemaje? Kimya kinatanda, maana logi haijafunguliwa. Kwenye Ubuntu iko /var/log/apache2/error.log, na mara nyingi jibu limo humo, pamoja na jina la faili lililokataliwa. Amri ya apachectl configtest hukutajia hata mstari uliokosewa kabla hujaiwasha seva upya. Kwa nginx, seva nyingine ya bure, ni nginx -t. Ukiona 502 kwenye nginx, usiitukane: mara nyingi iliyokufa ni programu iliyo nyuma yake, PHP kwa mfano. Ukiona 403, usikimbilie chmod 777, dawa pendwa ya mafundi wa chapchap, inayomruhusu kila mtumiaji wa mashine ile kuyachezea mafaili yako. (Wakati mwingine tovuti hufunguka kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo.)

Sikatai kulipia. Benki na ilipie huduma, hata ya programu huria. Red Hat na Canonical wanaiuza. Ila kwanza iwe na msimamizi wake wa seva, aliyesomeshwa akaiva, kwa sababu fundi yeyote atakayepokea simu ile ya usiku ataanza kwa kuomba logi.