Wanaomkana Abushiri Wakubaliane Kwanza

Tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi mjini Pangani. Ikitajwa tu kwamba siku hiyo ipewe kumbukumbu yake katika mwambao wa Bagamoyo, Saadani na Pangani, pingamizi huja kwa mafungu. Msomaji umeshazisikia, kwa hiyo sitazirefusha. Nitaziweka moja moja kama wenyewe wanavyozitoa, tena kwa sura yake iliyo na nguvu zaidi, kisha wewe uwe hakimu. Nakuomba jambo moja tu: ukishapima hoja ya kwanza, usiisahau utakapofika kwenye ya pili. Wanaozitoa wanategemea sana usahau.

Hoja ya kwanza: vita alivyoviongoza dhidi ya Wajerumani havikuwa vya ukombozi, ulikuwa uasi wa Waarabu waliotetea biashara ya watumwa. Kilicho kweli tukikubali. Abushiri alikuwa na shamba la miwa Pangani, na miwa ile ililimwa na watumwa. Sina haja ya kumtakasa. Lakini jina la “uasi wa Waarabu” lilienezwa na serikali ya Bismarck, iliyokuwa ikitafuta fedha za vita bungeni. Fedha zikapatikana: Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2, na moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Sasa tazama kilichofuata. Wajerumani walishinda, wakatawala, wakapoteza koloni katika Vita Kuu ya Kwanza, na muda wote huo hawakuupiga utumwa marufuku. Walichofanya ni kutoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa ililetwa na Waingereza mwaka 1922. Kama lengo la vita lilikuwa kuwafungua watumwa, mshindi alisahau lengo lake kwa zaidi ya robo karne. Na hao “Waarabu” ni akina nani? Bwana Heri wa Saadani aliungwa mkono na Wazigua. Bagamoyo walikuwemo majumbe wa Kishomvi pamoja na watu waliotoka bara. Mwarabu mwenye cheo kikubwa kuliko wote, Sultani wa Zanzibar, ndiye aliyetia saini mkataba na Wajerumani.

Hapo ndipo inapoingia hoja ya pili, na angalia inavyogeuka. Wanasema: Sultani aliikabidhi pwani kihalali, basi waliopinga walikuwa waasi. Ni kweli kwamba Sultani Khalifa bin Said alitia saini tarehe 28 Aprili 1888, mwezi mmoja baada ya Barghash kufariki, akaipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za mwambao kuanzia mto Umba hadi Ruvuma kwa miaka 50. Ila mkataba wenyewe ulisema kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Tarehe 16 Agosti kampuni ilipoanza kazi, ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya bendera hiyo hiyo. Bagamoyo, mlingoti wa Sultani kwenye nyumba ya liwali ulikatwa na askari wa manowari ya Kijerumani. Pangani, wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alileta askari wa manowari Carola wakamsaka liwali. Msikiti nao haukusalimika: waliingia na mbwa, siku za Idi Kubwa. Aliyeanza kuvunja mkataba ni nani?

Halafu kuna Saadani. Mwaka 1882 Bwana Heri alilirudisha nyuma jeshi la Sultani lililotumwa kumtiisha, na Saadani ikabaki mikononi mwake. Mtu hapangishi nyumba isiyo yake, na mpangaji akitolewa humo hana wa kumlalamikia ila aliyempangisha. Sasa rudi kwenye hoja ya kwanza uisome sambamba na hii. Ile ilimlaani Mwarabu kwa sababu ya utumwa. Hii inamfanya Mwarabu mwingine, mtawala wa dola ambamo utumwa ulitambuliwa na sheria hadi 1897, kuwa chemchemi ya uhalali wote wa pwani. Mwenye hoja hizi mbili achague moja.

Hoja ya tatu: vilikuwa vita vya mtu mmoja mwenye tamaa, na aliponyongwa vikaisha. Tarehe zinakataa pande zote mbili. Mwanzo kwanza: watu wa Pangani walikuwa wameshawazingira maofisa wa kampuni kabla Abushiri hajashika uongozi. Sultani alimtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi lake, aende kutuliza mji, naye akatimuliwa. Mwezi huo huo, Septemba 1888, watu wa Kilwa waliwaua mawakala wawili wa kampuni, na Abushiri hakuwa Kilwa. Na mwisho je? Abushiri alinyongwa Desemba 1889, lakini Bwana Heri aliendelea kupigana katika boma lake la Mlembule hadi mizinga ilipomtoa Januari 1890, akasalimu amri Aprili. Kilwa na Lindi zilitekwa Mei. Mwaka 1894 Bwana Heri alishika silaha tena. Kama vita vilikuwa vya mtu mmoja, kamanda wa Kijerumani Hermann Wissmann alikuwa akimpiga nani mizinga wiki tatu baada ya kumnyonga mtu huyo?

Mjanja ataruka hapa: basi Desemba 15 si tarehe sahihi, maana vita havikuishia hapo. Hili ni swali la haki, na Songea wamelijibu zamani. Huko mashujaa wa Maji Maji hukumbukwa tarehe 27 Februari, siku waliponyongwa mwaka 1906, ingawa vita viliendelea hadi 1907. Hakuna anayedai kwamba tarehe ya Songea ni ya uongo. Siku ya kumbukumbu huonyesha gharama iliyolipwa, wala si lazima iwe siku risasi ya mwisho ilipopigwa.

Hoja ya nne huletwa kwa sauti ya upole: Abushiri aliichoma Bagamoyo, Wajerumani wakaiokoa. Mji uliungua kweli, na shambulio lake la Desemba 1888 lilikuwa na sehemu kubwa katika maafa hayo. Aliyeanza kumwaga damu mjini, hata hivyo, si yeye. Tarehe 22 Septemba 1888 askari wa manowari Leipzig waliteremka pwani wakaua wenyeji zaidi ya mia moja. Kipimo kizuri cha nani aliokoa nani ni kutazama watu walikimbilia wapi. Nyumba ya kampuni ilikuwepo, bunduki zilikuwepo, manowari zilikuwa zikionekana baharini. Watu wa Bagamoyo kwa maelfu walikwenda Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwepo tangu 1868, ambayo Abushiri aliiacha salama na kuzungumza na mapadri wake. Wale wenye bunduki hawakukimbiliwa. Na mji uliookolewa ulifaidi nini? Mwaka 1891 makao makuu ya serikali yalihamishiwa Dar es Salaam, na reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia huko. Bagamoyo iliachiwa makaburi ya askari wa Kijerumani karibu na ufuko.

Hoja ya tano: walishindwa, na taifa halikumbuki kushindwa. Kwanza tuwe wakweli juu ya kilichoshindwa. Kampuni iliyokuja na karatasi ya miaka 50 haikumaliza hata miezi mitatu kabla ya kufukuzwa karibu kila bandari, ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam. Mtafiti Hans Meyer, anayesifiwa kwa kufika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 1889, alikuwa ametekwa mwaka uliotangulia pamoja na Oscar Baumann, na Abushiri akawaachia kwa fidia ya rupia 10,000. Kuirudisha pwani kulihitaji dola yenyewe iingie vitani na jeshi la kukodi la Wasudani kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji, kisha Sultani alipwe marki milioni 4. Hata hivyo, tuseme walishindwa, kwa sababu mwishowe walishindwa. Je, kanuni hii tunaitumia kwa wote? Mkwawa wa Wahehe naye hakushinda mwishowe. Alijiua mwaka 1898. Lakini ushindi wake wa Lugalo wa tarehe 17 Agosti 1891 unatajwa shuleni, na kambi kubwa ya jeshi Dar es Salaam imeitwa Lugalo. Kamanda wa Kijerumani aliyeuawa Lugalo alikuwa Emil von Zelewski, yule yule wa Pangani. Tunawaheshimu waliommaliza, sawa kabisa, halafu tunawakana waliokuwa wa kwanza kumfukuza.

Hoja ya sita ndiyo kimbilio la mwisho: Siku ya Mashujaa, Julai 25, inatosha kwa wote. Ingekuwa na nguvu kama isingetolewa na watu wale wale. Kwa kusema Abushiri na Bwana Heri wamo katika siku ya mashujaa, wamekwisha kubali kwamba walikuwa mashujaa, na hoja ya kwanza, ya pili na ya tano zimekufa mikononi mwao. Aidha, siku ya taifa haijaizuia Songea kuwa na yake. Na Bagamoyo si kwamba haikumbuki Desemba ya 1889. Mgeni huelezwa jinsi mpelelezi Stanley alivyowasili tarehe 4 na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, na jinsi Emin alivyoanguka kutoka ghorofani usiku wa karamu. Siku 11 baadaye, kaskazini mwa hapo, kamba ilikaza shingo ya mtu aliyeufunga mwambao huu. Aliyeanguka karamuni tunamsimulia. Aliyenyongwa tunaambiwa asubiri Julai.

Basi jumlisha. Ili hoja zote sita zisimame, Abushiri awe kibaraka wa Waarabu na mwasi dhidi ya Mwarabu, awe mchochezi pekee wa vita vilivyoanza bila yeye na kuendelea akiwa kaburini, na awe mtu asiyestahili heshima ambaye tayari heshima yake imo katika Julai 25. Mtu wa namna hiyo hajawahi kuzaliwa Pangani wala kwingineko. Anayestahili kuandikwa ni yule wa kweli: mwenye shamba na watumwa, mpiganaji, aliyekamatwa kwa msaada wa jumbe mmoja wa bara na kunyongwa na wageni. Kibao kiwekwe Pangani, Saadani na Bagamoyo, kiseme yote hayo pamoja na jina la Bwana Heri, tarehe za 1888 hadi 1890, na sheria ya utumwa ya 1922 ili msomaji ajue nani alimdanganya nani. Anayepinga hili aje na hoja moja, na akubali kubanwa nayo hadi mwisho.