Chuo Kiko Isiolo, Muuguzi Atarudi Merti?

Isiolo pana kampasi ya KMTC, chuo cha mafunzo ya matibabu kilichoanza Nairobi mwaka 1927. Ndugu zangu wa Pwani, jambo hili latuhusu, kwani Lamu nako kuna kampasi kama hiyo.

Binti wa Merti akisomea uuguzi karibu na kwao, lugha ya mgonjwa anaijua na jua la huko amelizoea. Mgeni mara nyingi huomba uhamisho mapema.

Lakini cheti pekee hakitibu. Tangu 2013 wauguzi wa zahanati huajiriwa na kaunti, na wahitimu wengi wangali wamekaa nyumbani. Naona kaunti imlipie karo mtoto wa kijijini, kisha imwajiri kwao. La sivyo, twawasomeshea Waingereza wauguzi.