Mcheza Ngoma Ashikapo Kalamu

Nchini Burundi, kama kwingineko, mtu asiyejua kuandika huambiwa achovye kidole gumba katika wino, kisha akikandamize mahali alipoonyeshwa. Kwa Kirundi kidole hicho huitwa igikumu. Wapo wachezaji wa ngoma waliokizoea mno. Sherehe ikiisha, karatasi ya posho hupitishwa, na yule aliyekuwa akishangiliwa na uwanja mzima huinamia kisahani cha wino, asijue ni kiasi gani kilichoandikwa mbele ya jina lake.

Mchukulie binti wa Muyinga aliyezaliwa mwaka 1994, yaani mwaka mmoja baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye na kuanza kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Umri wake wa kwenda shule ulifika vita vingali vikiendelea na karo ingali ikidaiwa. Karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2005, alikuwa na miaka 11 na mtoto wa mama yake mgongoni. Wadogo zake wakaenda shule, yeye akabaki na jembe. Bibi yake huenda alikuwa na bahati zaidi, kwani zamani Kanisa Katoliki liliendesha mafunzo yaliyoitwa Yaga Mukama, ambako watu wa vijijini walijifunza dini pamoja na kusoma na kuandika Kirundi. Mafunzo hayo yalipigwa marufuku katika miaka ya 1980, wakati wa utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza.

Ngoma haikudai karo. Aliijifunza arusini, akiwatazama wakubwa, na alipokuwa mwanamwali akaenda Gitega kujiunga na kikundi kama mwanafunzi. Kilomita chache kutoka mji huo ndipo ilipo Gishora, makao ya ngoma za kifalme yanayohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Huko Inkiranya, ngoma kiongozi, husimama katikati. Amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na Ibishikizo huifuata Inkiranya iendako. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya Rais iliwakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo. Fungu lao likawa kucheza na kuimba. Binti huyu, basi, aliijua kila hatua ya mdundo ambao mkono wake haukuruhusiwa kuutoa.

Darasa la ngumbaru lilimshinda mwezi wa kwanza. Kalamu aliishika kama mpini wa jembe, karatasi ikatoboka. Mwalimu aliandika a, e, i ubaoni, wanafunzi wakaitikia, na kesho yake yeye alikuwa amesahau. Hapo ndipo walimu wengi hukosea, wakadhani mtu mzima ni mzito wa kichwa. Mtu anayeweza kucheza saa nzima pasipo kukosea hatua ana kumbukumbu ya kutosha. Alichokosa ni kitu cha kushika. Hakuna aliyewahi kumfundisha ngoma kwa kumwonyesha kidole kimoja cha mguu.

Mambo yalibadilika yalipoandikwa maneno aliyoyajua. La kwanza lilikuwa ingoma, ambalo kwa Kirundi ni ngoma na pia ni ufalme. Kisha viungo vya ngoma yenyewe, ambavyo vimepewa majina ya mwili wa mama: amabere, yaani maziwa, umukondo, yaani kitovu, urugori, taji ya mtama avaayo mwanamke aliyezaa. Neno icahi, ngozi ya ngoma, lilimsumbua kidogo, maana Kirundi huandika c pale ambapo Kiswahili, alichokisikia sokoni Muyinga, huandika ch.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sikio la mchezaji lilimsaidia kuliko wenzake. Maandishi ya kawaida ya Kirundi hayaonyeshi kupanda na kushuka kwa sauti. Inda ni tumbo, na inda ni chawa. Herufi ni zile zile, na msomaji hana budi kuusikia mdundo wa sentensi nzima kabla ya kutamka. Mwenzake mmoja alisoma kwamba mama mjamzito atunze chawa wake, darasa likaangua kicheko. Yeye hakukosea hapo hata mara moja. Hata gusoma, kusoma, ni pia kupiga funda la kinywaji. Naye alisoma hivyo hivyo, funda kwa funda, akipumzika.

Siku ya posho aliomba kalamu. Aliandika jina lake polepole mno hata wapiga ngoma waliokuwa nyuma yake wakanung'unika, kisha akarudi kukisoma kiasi kilichoandikwa, tarakimu moja moja, na mhasibu akasubiri.

Hata hivyo, lililokuwa likimwumiza zaidi halikuwa posho. Kwa miaka yote hiyo, kila ujumbe ulioingia katika simu yake kutoka Muyinga ulisomwa na jirani, kwa sauti, na kabla ya jua kutua ua mzima ulijua ni nani kwao anaumwa, nani anadaiwa, na nani amekuja kumposa. Jioni moja simu ikalia. Alikwenda nao nyuma ya jiko, akachutama, akausoma mwenyewe mara mbili. Aliporudi, jirani alimwuliza mama yake amesema nini. Akamjibu kwamba amemsalimu.